Mechi ya tano tu, na mashabiki washachemka

Mwezi huu sanduku la barua limejaa mpira wa kikapu, kwa hivo wale wa mpira wa miguu mtanisamehe, zamu yenu itafika. Barua nyingi zimetoka Malindi na Lamu na karibu zote zinazunguka jambo moja: timu ikianza msimu imelegea, shabiki apige kelele ama anyamaze angoje? Barua nimezifupisha, lugha nimeiacha vile mlivoandika.

Mimi ni Lakers, timu ya NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, tangu enzi za Kobe Bryant, niko Shella hapa Malindi. Nikishaswali alfajiri sirudi kulala, nachomoa simu, bando langu lishaingia, naangalia gemu. Sasa niambie, mtu analipwa mamilioni ya dola, mpira umepotea, yeye anatembea kurudi kama ametumwa dukani kiberiti. Na msimu ndo kwanza umeanza! Wenzangu wa maskani wananiambia tulia, mechi za msimu ni 82, wataamka tu. Mimi nasema kujituma hakuna cha mechi ya kwanza wala ya mwisho. Nani yuko sawa?
*Shabiki sugu, Shella, Malindi*

Kaka, kwa jambo moja niko upande wako, kwa mengine yote niko na maskani.

Jambo lako ni huko kurudi. Mpira ukipotea, kukimbia nyuma hakutaki mazoea, hakutaki ujuane na mtu aliyesajiliwa juzi, hakutaki shuti liwe linaingia. Ni miguu na nia basi. Hiyo idai kuanzia mechi ya kwanza na usione haya kabisa. Pia dai kila mtu amzibe mtu wake kwa mgongo shuti likipigwa ili asipate ribaundi, yaani ule mpira unaorudi shuti likikosa, dai warukie mpira ulioanguka chini, dai wapigiane kelele kule nyuma, manake difensi ya watu mabubu haijawahi kuzuia mtu. NBA wenyewe siku hizi wanahesabu hivi vitu, mipira iliyoguswa ikaharibiwa njia, mipira iliyookotwa chini, faulo za kusimama ukapigwa kifua, yote iko kwenye tovuti yao bure, kwa hivo ukibishana pale maskani bishana na hesabu mkononi.

Lakini kabla hujamuita mtu mvivu, rudisha nyuma ile video uangalie mikono yao. Mtu wa timu pinzani ameachwa peke yake pembeni, amefunga pointi tatu, sasa tazama watu wako wanafanya nini. Ukiona wawili wananyoosheana vidole, huyu anamuonyesha yule na yule anamuonyesha huyu, hapo tatizo si uvivu. Wamechanganyikiwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ndo anakwenda pale. Hiyo mwezi wa kumi, msimu ukianza, ni kawaida, hasa timu ikiwa na sura mpya, kwa sababu kuzuia mpira wa haraka kuna mpangilio wake, nani asimame chini ya ringi, nani amkabili mwenye mpira, nani akimbilie pembe, na mpangilio huo wanauingiza kichwani kwa kucheza pamoja, si kwa kuchorewa ubaoni. Ila ukiona hakuna anayenyoosha kidole na hakuna anayekimbia, hapo kasirika, una haki zote.

Na kamera nayo inatudanganya sana. Inaufuata mpira, kwa hivo unamuona yule aliyefika mwisho akijikokota, humuoni yule aliyekimbia mita ishirini na kitu kuziba njia mpaka mpinzani akageuza nia akatoa pasi. Mimi nikitaka kujua timu inajituma ama la huwa siangalii mpira kwa dakika mbili tatu, namchagua mchezaji mmoja namfuata yeye tu, akiwa na mpira, akiwa hana. Jaribu. Utashangaa yule unayemtukana kila siku anafanya kazi gani, na utashangaa pia yule unayempenda.

Sasa matokeo, hapo ndo maskani wanakushinda. Detroit Pistons msimu wa 2023-24 walianza na ushindi mbili kwenye mechi tatu, mashabiki wao wakaanza kujipanga, alafu wakapoteza 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14 tu kati ya 82. Indiana Pacers msimu uliofuata walikuwa wameshinda 10 wamepoteza 15, watu washawakatia tamaa, wakamaliza 50 kwa 32, yaani ushindi 50 na kupoteza 32, na wakafika fainali mpaka mechi ya saba na Oklahoma City, wakapoteza siku ambayo Tyrese Haliburton alikatika ukano wa kisigino kota ya kwanza. Kwa hivo ukiniambia "tumeshinda tatu tuko sawa" ama "tumepoteza nne tumeisha" ntakusikiliza tu kwa heshima. Pointi tatu hasa zinapotosha, timu inaweza kukosa mashuti mazuri ya wazi wiki nzima, na wiki inayofuata yaleyale yakaingia. Wewe uliza shuti lilikuwa la wazi ama la kulazimisha. Kuingia kwake ni habari ya baadaye.

Na kuna kitu hakuna shabiki wa Lakers anapenda kuambiwa, ngoja nikuambie mimi. Miguu ina bajeti. Msimu wa 2024-25 mlimaliza 50 kwa 32, wa tatu kwenye kundi la Magharibi, nyota Luka Doncic kaja Februari, furaha tele, alafu Minnesota wakawatoa 4-1 raundi ya kwanza ya mchujo. Kwenye mechi ya nne kocha JJ Redick aliwachezesha watu walewale watano kipindi chote cha pili, hakubadilisha hata mmoja, na mmoja wao alikuwa LeBron James, wakati huo miaka 40. Waliingia kota ya nne wakiongoza, wakaishiwa, wakafungwa. Ukikumbuka hiyo mechi utaelewa kwa nini kocha yeyote mwenye akili hataki mzee wa miaka hiyo arukie kila mpira mwezi wa kumi. Mimi mzee namruhusu apumzike kwenye mashambulizi, akae pembeni asubiri pasi, apewe dakika chache. Kurudi arudi. Kama hawezi kurudi basi atolewe, aingie kijana, hakuna aibu hapo. Ninachokataa ni kukaa uwanjani na kutembea.

Assalam alaykum. Sisi ni vijana na wazee wa baraza moja hapa Langoni, Lamu. Tuna timu yetu ya mtaa ya kikapu, tumechanga nauli, tumenunua jezi, tukawapeleka Mombasa. Mechi mbili za kwanza wamefungwa zote, na ya pili wamefungwa vibaya. Waliporudi watu wakawapokea kwa matusi pale gatini, wengine wakasema pesa yetu irudishwe. Sasa wachezaji wawili wamesema hawachezi tena. Je, sisi tuliotoa mchango hatuna haki ya kusema?
*Baraza la Langoni, Lamu*

Waalaykum salaam wazee wangu. Haki mnayo, ila mmeichukua ile isiyo yenu.

Mchango wa nauli unawapa haki ya kuuliza nauli imetumikaje. Nani alishika pesa, jezi zilikuwa bei gani, kimebaki nini, hiyo ulizeni mpaka mchoke na mtu akijikanyaga mbaneni. Haununui haki ya kumtusi kijana wa watu gatini mbele ya mama yake. Vijana wa NBA angalau wakitukanwa wanakwenda kulia ndani ya gari la bei. Hawa wenu kesho yake alfajiri wanakwenda baharini, wengine kubeba mizigo, wengine kuendesha boti, na jioni ndo wanatafuta muda wa mazoezi. Hata ligi kuu ya Kenya imejaa timu za vyuo na za waajiri, Strathmore, USIU, KPA, Ulinzi, watu wana masomo na kazi zao pembeni, sembuse timu ya mtaa.

Alafu tuhesabu safari yenyewe, manake wengi mnaotukana hamkupanda hilo basi. Boti mpaka Mokowe, kutoka hapo basi, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, ndo uone Mombasa, zaidi ya kilomita 300, miguu imekunjwa kwenye siti. Ukishuka unacheza dakika 40 na watu waliolala kwao, wamekula kwao, na wanacheza ndani ya jimu ilhali nyinyi mazoezi yenu ni kwenye saruji, juani, upepo unasukuma mpira. Mtu aliyezoea kupiga shuti akihesabu na upepo wa kusi, ukimuingiza ndani pasipo upepo, siku ya kwanza hajui hata lile shuti lake limekwenda wapi. Na kwa nauli mliyochanga nadhani hamkupeleka watu kumi na wawili, mlipeleka saba au wanane, sivyo? Wawili wakishika faulo nne nne mapema, wanacheza kwa woga hadi mwisho kwa sababu ya tano inawatoa nje. Hapo ndo mnaona mtu hagusi mpinzani anapita, mnasema hajitumi.

Sisemi wasidaiwe kitu. Wadaiwe, tena mapema. Lakini mdai vitu ambavyo mtu asiyelipwa anaweza kuvitimiza: afike mazoezini saa mliyokubaliana, akiwa hawezi kuja apige simu kabla si baada, asimfokee refa, mpira ukipotea arudi mbio hata kama mmepigwa pointi thelathini. Hayo hayataki pesa. Na wayaandike wenyewe wachezaji na kocha wao, wakubaliane adhabu ni ipi, baraza liambiwe tu. Sheria ikitoka barazani itakuwa ni ya kuwakomoa, na kila mzee atakuwa na yake.

Hao wawili waliosusa, mtu mzima mmoja kati yenu, yule wanayemheshimu, aende nyumbani kwao. Si kuwaita barazani. Aende yeye. Na asianze na habari ya mechi.

Ombi langu jingine dogo, mechi ijayo ya nyumbani mpeni mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri daftari na kalamu, akae pembeni, kila mpira ukipotea aandike wangapi wamerudi kabla ya mpinzani kufika. Basi, hilo tu. Mkimaliza mtakuwa na kitu cha kuzungumza usiku kucha, na nina hakika ile orodha ya wavivu mliyonayo kichwani itabadilika.

Mwanangu wa kike yuko sekondari hapa Malindi, ndo mfungaji wao mkubwa. Mechi ya kwanza ya msimu kocha kamkalisha benchi kota nzima kwa sababu ati alitembea kurudi mara mbili. Tumefungwa kwa pointi nne! Nimekasirika nataka kwenda shuleni nimuone huyo kocha. Baba yake ananiambia niache. Nisaidie.
*Mama Malindi*

Mamangu, baba yake ana busara, lakini na wewe usiache kabisa.

Kocha kama alisema kabla ya msimu kwamba atakayetembea anakaa, na akatembea, akakaa, huyo ni kocha nadra sana, mshikeni. Wengi wanatoa hiyo sheria alafu akiivunja mfungaji wanaangalia upande wa pili, anakalishwa yule mtoto wa benchi ambaye hata hajafunga kikapu mwaka mzima, na timu nzima inaona. Hapo sheria imekufa mechi ya kwanza na hata aipige kelele vipi muhula mzima hawatamsikia. Na heri kufungwa pointi nne mechi ya kwanza kuliko kuigundua hiyo tabia mashindano ya kaunti. Kota nzima ni kali kidogo, kwa mimi dakika tatu nne zingetosha, ila hiyo ni hukumu yake.

Swali ni kama ilisemwa kabla. Kama haikusemwa, na wengine wanatembea anawanyamazia, hapo una kesi. Basi muulize, lakini si siku ya mechi na si mbele ya watoto.

Ila wa kuanza kumuuliza ni mtoto mwenyewe. Mfungaji mkubwa wa timu ya shule mara nyingi ndo anapeleka mpira mbele, ndo anamkaba mpinzani hatari zaidi, ndo hapewi nafasi ya kupumua, kwa hivo kutembea mara mbili kunaweza kuwa ni uchovu tu. Alikula nini asubuhi? Amelala saa ngapi? Yuko kwenye siku zake na anaona aibu kumwambia kocha mwanamume? Anaumwa goti anaficha asitolewe? Mtoto wa kike mwenye kizunguzungu na kuchoka kila mara apelekwe akapimwe damu pia, upungufu wa damu kwa wasichana wa umri huo ni jambo la kawaida na unakata pumzi kweli kweli, nimeona timu inamsema mtu mlegevu kumbe ni mgonjwa. Ukishajua ni lipi, ndo utajua unakwenda kumuona kocha, daktari, ama unarudi kupika.

Timu ikianza vibaya kocha afukuzwe lini? Mechi ya ngapi? Sisi hapa Watamu tumegawanyika.
*Wa Watamu*

Hakuna namba, bro. Lakers mwaka 2012 walimfukuza Mike Brown baada ya mechi tano, wameshinda moja wamepoteza nne. Walikuwa na Kobe, Dwight Howard, Steve Nash, Pau Gasol, majina yanajaza bango zima. Kisingizio kilikuwepo wazi, Nash alivunjika mfupa wa mguu mechi ya pili tu na timu ilikuwa mpya, hawakungoja. Wakamleta Mike D'Antoni, wakamaliza 45 kwa 37, San Antonio wakawafagia 4-0 raundi ya kwanza. Sasa geuza upande wa pili: Cleveland Januari 2016 walimfukuza David Blatt akiwa ameshinda 30 amepoteza 11, anaongoza kundi la Mashariki, watu wakasema wamerogwa, na Juni Tyronn Lue akawapa ubingwa, tena wakitoka nyuma 3-1 dhidi ya Golden State walioshinda mechi 73 msimu ule.

Ninachokiona mimi kwenye hizi mbili ni kwamba Cleveland hawakuangalia jedwali, waliangalia kama wachezaji bado wanamsikiliza kocha. Na hilo hata wewe wa Watamu unaweza kuliona kwenye tivii. Taimauti ikiitwa, angalia nani anaangalia ubao na nani anaangalia watu jukwaani. Kocha anapoteza mechi na bado wote macho yako kwake, mwacheni afanye kazi. Kama yuko anachora na nusu ya timu wanatafuta maji, hata akiwa anashinda huyo keshaondoka, barua tu ndo haijaandikwa.

Mwanzo wa msimu ni wakati mzuri wa kubeti kikapu?
*Barani, Malindi*

Hapana. Mwanzo wa msimu hata makocha hawajui watu wao watano wa kumalizia mechi ni kina nani, mchezaji anapumzishwa ukiwa ushaweka pesa, na hapo nimekujibu kama swali lilikuwa la kikapu. Kama lilikuwa la karo ya mtoto jibu ni hilohilo kwa sauti kubwa zaidi.

Mbona mechi zimebadilika saa? Nililala nikijua nimeweka alamu sawa, nikaamka mapema nikakuta hata hawajaanza.
*Mkomani, Lamu*

Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatugusi saa zetu, kwa hivo mechi zote zinasogea mbele saa moja. Ya New York ya saa moja na nusu jioni kwao, Oktoba unaiona saa nane na nusu usiku, kuanzia Novemba ni saa tisa na nusu. Ya California ya saa hiyohiyo ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, sasa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wanavaa viatu vya shule na wewe uko kota ya kwanza. Itakaa hivo mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Wenye kazi za asubuhi tafuteni zile mechi chache za wikendi zinazochezwa mchana kwao, ya saa tisa na nusu mchana New York huku inaanza saa tano na nusu usiku, unaangalia mpaka mapumziko na bado unapata usingizi wa maana.